Picha Uliyoikata, Mjomba

Kasingirima, Ujiji,
Kigoma.
Jumapili, 18 Februari 2024

Mpendwa mjomba Iddi,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ni haki yako, na mama hakunilea nikuandikie bila kukuamkia, ingawa leo mkono umekuwa mzito kuliandika neno lenyewe. Hamjambo wote hapo Buguruni? Mkaza mjomba Wema presha yake imetulia? Tunasikia joto la Dar mwaka huu halisemeki. Huku kwetu ni mvua tu, tope hadi mlangoni, na ziwa limechafuka kwa maji mekundu yanayoshuka kutoka milimani.

Dada yako Mwanamvua hajambo kiasi. Goti ndilo linamsumbua, siku hizi anasali akiwa amekaa kwenye kiti, na ukimshauri aende akapimwe anakwambia goti ni lake. Unamjua. Ila anakula vizuri, anacheka na majirani, na kila akipika samaki wetu wa migebuka anakutaja.

Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaoumwa, mjomba, na aliyeuumiza ni wewe. Basi nimeshalisema, sitazunguka tena.

Barua hii anakuletea mama Honorata, jirani yetu wa ukuta mmoja, anayepanda treni kesho kutwa kwenda kumwona binti yake. Nimemwomba akukabidhi mkononi mwako. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu nikipiga simu hupokei, na ujumbe nikituma unasoma, alama mbili za bluu naziona, halafu kimya. Hivi mjomba, lini mimi na wewe tumekuwa watu wa kukimbiana?

Nitaeleza kila kitu tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, maana nataka yawe kwenye karatasi moja.

Unajua kwamba pale shuleni ninapofundisha Biolojia nina kikundi cha wanafunzi wa kidato cha tatu wanaoandika gazeti la ukutani. Linaitwa "Kasema Nani?" Kazi yao ni kuchukua jambo ambalo kila mtu analiamini hapa mjini, kulisoma, kulipima kwa mikono yao, kisha kuliandika kwa Kiswahili ambacho hata mama muuza dagaa atakielewa. Wameshaandika kuhusu minyoo, kuhusu zile dawa za kuongeza akili zinazotangazwa kwenye simu, kuhusu radi. Kila habari inayoletwa wanaiuliza vitu vitatu: nani kasema, kajuaje, na kitu gani hakuonyesha. Hicho cha tatu ndicho ninachokikazania, kwa sababu watoto wanadhani uongo lazima usemwe, hawajui kwamba hata kuunyamazia ukweli tu kunatosha kudanganya.

Mwaka jana mvua zilipoanza na watu wakaanza kuharisha, walichagua maji ya kilindini. Wewe ni mtoto wa Ujiji, sina haja ya kukueleza. Tangu enzi za babu, watu wa hapa wanaamini kwamba maji ya ziwa ukiyachota ufukweni ni machafu, lakini ukienda mbali, kule maji yanakobadilika rangi, ni safi kuliko ya bomba, hayahitaji kuchemshwa. Na wewe una boti zako mbili pale, zinasimamiwa na Bariki, kila alfajiri zinakwenda kilindini na mapipa na kurudi kuwauzia watu. Biashara ya halali. Hakuna aliyeisema vibaya.

Watoto walipata vichupa vya kupimia maji kutoka kwa mtaalamu mmoja. Unatia maji, unafunga, unaacha yakae. Yakigeuka meusi kama wino, basi yana uchafu wa chooni. Bariki mwenyewe aliwachukua kwenye boti, Mungu ambariki kwa hilo. Wakachota maji kule kule kilindini moja kwa moja kwenye kichupa: safi kabisa, hayakubadilika. Wakachukua tena maji ya boti ile ile, ya asubuhi ile ile, yalipofika kwenye ndoo za watu nyumbani: meusi tii.

Wakashangaa. Waliposhindwa kuelewa, Gloriose akaomba warudi wakaangalie tangu mwanzo, na ndipo wakaona jambo ambalo sisi sote tumeliona tangu utotoni bila kuliona. Vijana wa boti kabla hawajaondoka wanasuuza mapipa pale pale ufukweni, miguu ndani ya maji, mahali watu wanapofulia na watoto wanapojisaidia. Wanasuuza kwa nia njema, ndivyo baba zao walivyofanya, pipa lisiondoke na vumbi. Na maji machache yanayobaki chini ya pipa ndiyo yanayochafua maji yote mazuri ya kilindini.

Mjomba, watoto wale walifurahi siku ile kama waliookota dhahabu! Na dawa yake ni rahisi: suuza pipa huko huko kilindini, tia dawa ya maji, basi. Gloriose aliandika makala nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuiona kwa mwanafunzi. Aliweka picha mbili pembeni kwa pembeni, kichupa cheupe upande wa kushoto na maneno "Yalipochotwa," kichupa cheusi upande wa kulia na maneno "Yalipofika nyumbani." Chini akaandika jina lake, na jina la shule. Hakuandika neno moja la kuiharibu biashara yako. Aliandika kwamba maji ya kilindini ni mazuri, tatizo ni mapipa.

Jioni alipoimaliza, wewe ulipiga simu kumjulia mama hali, nikakusimulia. Ukacheka, ukasema nikutumie hiyo kazi uione. Nikaitandaza mezani nyumbani, nikaipiga picha kabla haijabandikwa, nikakutumia wewe peke yako. Ukanijibu: "Mashaallah mwanangu, umenitoa machozi." Nilimsomea mama jibu lako. Nilitembea na maneno yako wiki nzima.

Sasa sikiliza kilichofuata. Siku moja kwenye kikundi Oswald, kijana wetu mmoja mbishi wa kupindukia, akaingia na bango alilolibandua ukutani pale kituo cha bajaji. Bango limechapishwa rangi, limeandikwa kwa herufi kubwa: MAJI YA KILINDINI, YAMEPIMWA NA WANAFUNZI WA SAYANSI, HAYAHITAJI KUCHEMSHWA. Katikati kuna picha ya kichupa kimoja, kile cheupe. Chini ni mwandiko wa Gloriose na jina lake, na jina la shule. Kichupa cheusi hakipo.

Nilikasirika, lakini nikajituliza, nikawaambia tulipime kama tunavyopima kila karatasi. Nani kasema, kajuaje, hakuonyesha nini. Hilo la tatu walilijibu kabla sijamaliza kuuliza. Wakaanza kujadili aliyelikata. Mmoja akasema mtu amepiga picha ukutani shuleni. Oswald akalisogeza bango dirishani, akalitazama, akasema hapana, ukutani hakuna kitambaa. Kwa chini, kwenye kona, kilikuwa kinaonekana kipande kidogo cha kitambaa cha meza, kimefumwa maua ya zambarau.

Akaniuliza, "Mwalimu, hii meza ni ya nani?"

Mjomba, kile kitambaa alikifuma dada yako. Kiko mezani kwetu tangu sijazaliwa. Na wale watoto wengi wao wameshakula wali juu yake, kwa hiyo sikuweza hata kudanganya, na hata ningeweza nisingethubutu. Nikasema, ni meza yangu. Wakanitazama macho ambayo sitaki kutazamwa nayo tena hapa duniani. Walidhani nimeuza kazi yao.

Nikawaambia kwamba picha nilimtumia mtu mmoja tu, ndugu yangu, na kwamba nitamuuliza. Kumbe rohoni nilishaanza kukutetea. Nikasema pengine simu yake imeibiwa. Nikasema pengine Bariki ameiona mahali. Nilikwenda kwa Bariki nikiwa nimejiandaa kumgombeza yeye, nimkaripie weee hadi nichoke, nirudi nyumbani nikiwa bado nina mjomba.

Bariki hakuficha. Alitoa simu yake akanionyesha ujumbe wako. Picha ulimtumia wewe, ikiwa imeshakatwa, na maneno ya kuandika juu uliyatunga wewe, na ukamwambia achapishe mengi ayabandike kabla mvua hazijakolea. Akaniambia, "Mimi nilidhani mmekubaliana, mwalimu, si ni mjomba wako?" Nikamwambia ndiyo, ni mjomba wangu. Nikaondoka.

Nilikuuliza kwa ujumbe, ukanijibu mara moja tu, kabla hujaanza kunyamaza. Uliandika: "Mbona picha haina uongo? Maji si yalikuwa safi?" Loh! Ndiyo, mjomba, picha haina uongo. Hukuongeza hata nukta. Hilo linaniuma kuliko kama lingefanywa na mtu mjinga, maana ulijua hasa pa kukata. Ungekuwa hujaelewa kazi ya watoto, ungeipachika yote. Uliielewa kuliko watu wote waliopita mbele ya ukuta ule.

Na nani alinifundisha mimi kusoma? Si wewe? Ulikuwa ukirudi kutoka bandarini ukinikalisha gotini, ukinipa gazeti lililofungia maandazi, lenye mafuta, limechanika nusu, ukiniambia nisome mpaka lilipokatika kisha nikwambie nini kilikuwa kwenye kipande kilichochanika. Tulicheka sana kubahatisha. Watoto wangu shuleni nawafundisha mchezo ule ule hadi leo. Sikuwahi kuwaambia umetoka kwa nani, na sasa nashukuru sikuwaambia.

Nakwambia sasa madhara yake, usije ukadhani nalilia jina langu.

Gloriose analelewa na bibi yake, bibi Manariyo, yule Mrundi anayeuza mawese sokoni. Unamjua vizuri, ulikuwa ukinunua kwake kila ukija, na anakuita mzee Iddi kwa heshima zote. Hajui kusoma. Mtu alimsomea bango akamwonyesha jina la mjukuu wake. Bibi wa watu alipiga vigelegele! Akaomba moja akalibandika mlangoni kwake, kila mpita njia anaonyeshwa: mwana wanje ndiye kaandika haya, mtoto wangu. Na kuanzia hapo akaacha kuchemsha maji. Mkaa wenyewe ghali, na mjukuu kasema hayahitaji.

Aliugua vibaya sana. Alilazwa, akatundikiwa maji ya mshipani, kwa muda tulikata tamaa. Gloriose alikaa kando ya kitanda na daftari la shule hakulifungua. Mungu alimsaidia bibi akarudi nyumbani, amekonda, macho yameingia ndani, lakini yuko hai.

Ungedhani yameisha. Hayajaisha, mjomba, ndiyo maana nakuandikia. Bibi amerudi na bado anakunywa maji yale yale bila kuchemsha. Mjukuu wake anamsihi asubuhi na jioni, anamwambia bibi, picha ilikatwa, mimi sikuandika hivyo. Bibi anamjibu kwamba ametishwa na watu wenye wivu, kwamba mtoto anaweza kubadilisha maneno lakini karatasi haibadiliki, na karatasi ina jina lake. Mimi nimekwenda, nikaeleza, nikabeba hadi vichupa. Ananipa kiti, ananipa mawese nimpelekee mama, ananisikiliza kwa adabu. Nikitoka tu anachota kikombe kutoka kwenye ndoo. Gloriose akimchemshia kwa siri, bibi anaonja, anasema haya si maji ya mzee Iddi, anayamwaga. Mvua bado nyingi. Akiugua tena na mwili ule, hatarudi.

Na Gloriose haandiki tena. Nilimpa kalamu wiki iliyopita akaniambia, "Mwalimu, nikiandika watakata." Nimesomea ualimu, nimehudhuria semina, jamani, nikaishia kuirudisha kalamu mfukoni.

Mama anajua yote. Niliogopa kumwambia, nikamwambia. Alilia kidogo, kisha akasema wewe ni mjomba wangu, mambo haya yazungumzwe ndani, yasitoke nje. Nikamuuliza, mama, mbona bango limeshatoka nje? Akaingia chumbani. Tangu siku hiyo tunasalimiana vizuri tu, lakini chai kila mtu anakunywa kwa wakati wake. Hilo nalo umetufanyia.

Sasa nikwambie tulichoamua. Ijumaa baada ya wiki mbili, gazeti letu linatoka na picha nzima, vichupa vyote viwili, na watoto watabandika nakala pembeni ya kila bango lako mjini, hata lile la mlangoni kwa bibi akikubali. Sharti letu ni kwamba hatumwandiki mtu bila kumuuliza kwanza, akapata nafasi ya kujieleza. Kwa hiyo mimi, mwalimu wao, nimetumwa na wanafunzi wangu nikuulize kwa maandishi: kwa nini uliikata? Jibu lako tutalibandika lote kama litakavyokuja, refu au fupi. Usipojibu, tutaandika kwamba uliulizwa hukujibu.

Waliniuliza pia wakuite nani kwenye makala. Wenye huruma walisema waandike "mfanyabiashara mmoja." Nikawaambia waandike jina lako kamili, na mbele yake waandike kwamba ni mjomba wa mwalimu wao aliyempa picha. Nilizisema herufi moja moja huku mmoja akiziandika ubaoni.

Lakini ombi langu kubwa si hilo. Makala itawafikia wanaosoma. Bibi Manariyo hasomi, na anachokiamini sasa kuhusu maji ni karatasi ile na neno lako. Basi mpigie. Namba ya Gloriose utaipata kwa Bariki. Ongea naye kwa sauti yako ambayo anaijua, umwambie kwamba ulikata picha na kwamba achemshe maji. Umwambie hivyo tu, kwa maneno hayo, usiyapambe. Na umwamuru Bariki ayabandue mabango na vijana wakasuuzie mapipa kilindini. Boti zako hazitalala njaa kwa hilo. Ungefanya hivyo tangu mwanzo, watoto wale wangekutangaza bure, mji mzima ungenunua kwako na ungekuwa umesema kweli. Ndiyo maana silielewi hili jambo hadi leo, nalala nalo naamka nalo.

Wasalimie mabinamu zangu wote, umbusu mdogo wao kwa niaba yangu. Mkaza mjomba Wema mwambie mama amemtunzia dagaa wakavu waliovuliwa kwenye giza la mwezi uliopita, mama Honorata amewabeba kwenye mfuko wa kijani. Bariki naye anakusalimu, anaona haya. Mwezi mtukufu umekaribia. Mwenyezi Mungu atufikishe sote tukiwa wazima na tukiwa tumesameheana, na kwa upande wako akupe nguvu ya kuinyanyua simu.

Ni mimi mpwa wako, ambaye angekuwa na nafuu kama angekuwa hakupendi,

Ummy

Nimelazimika kuifungua tena bahasha. Kwa kuwa jambo ni lake, nilimpa Gloriose aisome barua kabla haijaondoka. Aliisoma taratibu, kisha akaniambia na mimi nimekata. Nikamuuliza nimekata nini. Akasema sikukwambia kuhusu sala. Nilijua habari hiyo, mjomba, niliiacha makusudi, nilikuonea huruma. Haya, ninaiandika. Kila jioni bibi Manariyo anapiga magoti karibu na ndoo yake, anasali kwa Kirundi, na katikati ya Kirundi chake lipo jina lako. Anamshukuru Mungu kwa ajili ya mzee Iddi anayemletea maji safi, anamwomba akupe maisha marefu. Gloriose hupiga magoti pembeni yake. Anataka ujue kwamba bibi akimaliza, yeye inambidi aitikie amina.